Kope Zilipepesa

Nyinyi vijana mnaochinja siku hizi pale machinjioni Bariadi huja nyumbani kwangu kuniuliza kisu kinanolewaje. Nawajibu, maana swali ni zuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kisu kinawekwa chini lini, na hapo ndipo mimi nilipoharibu. Tena kuna kisa changu kimoja mnachokisimulia, kisa cha dume wa Nkoma, mnakitoa kama mfano wa mchinjaji mcha Mungu. Hakikuwa hivyo. Nimekaa chini kukiandika kilivyokuwa, na walioumia kwacho nitawataja.

Kwanza kisu, tusianze na huzuni. Jiwe lilowe maji, siyo mafuta. Kisu kilaze karibu na jiwe, ukivute taratibu, na upande huu upate mara sawa na upande ule, la sivyo kitapinda kikifika kwenye ngozi. Makali usiyajaribu kwa ncha ya kidole, utawachekesha watu. Yajaribu kwenye ukucha wa dole gumba: kisu kikiteleza, rudi kwenye jiwe, kikishika, kinatosha. Noa nyumbani kabla hujatoka. Mnyama asione kisu kikinolewa, wala asimwone mwenzake akichinjwa. Mpe maji. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, uso kibla, ambacho kwetu ni kaskazini, na kisu kikae nyuma ya mgongo wako mpaka dakika ya mwisho. Pitisha mara moja: koo la pumzi, koo la chakula, na mishipa miwili ya damu. Halafu ngoja mpaka atulie kabisa. Hapo kwenye kungoja ndipo mnaponiudhi. Nimewaona: mnyama bado anarusha mguu na kijana ameshaanza kuchuna, simu inaimba mfukoni.

Mna bahati kwa mengine. Mna sakafu ya saruji, mna winchi ya kumpandisha ng'ombe juu, mna bwana mifugo anayekuja na mhuri wake na kupiga kwenye paja. Sisi tulichinjia kwenye nyasi karibu na mto, kwa kamba na mabega ya watu. Mhuri haukuwepo. Mhuri ulikuwa jina la mchinjaji.

Na jina hilo lilikuwa na uzito ambao mgeni wa mkoa huu hawezi kuuelewa haraka. Waislamu hapa ni wachache. Majirani zetu ni Wakatoliki, ni Waprotestanti, na wapo wazee wanaofuata mambo ya mababu zao tu. Lakini nyumba ikiwa na harusi au msiba, mwenye nyumba hutuma mtu kwa mchinjaji Mwislamu, ili mgeni yeyote atakayefika asikae pembeni akinywa soda wakati wenzake wanakula. Nimechinja kwa makatekista. Nimechinja kwa wachungaji. Nimechinja kwa mganga wa kienyeji mmoja aliyeniuliza kama bismillahi yangu inaweza pia kufukuza panya. Mtu anakukabidhi ng'ombe wake na heshima yake kwa wakati mmoja, na anakuamini kwa neno lako tu. Ukisema ni halali, watu wanakula. Ukisema ni kibudu, mnyama aliyekufa kabla ya kisu, Mwislamu hatii mkono.

Aliyenifundisha ni Maalim Zuberi, mtu wa upande wa Tabora, aliyeingia Bariadi na mkeka mmoja na sanduku la vitabu vilivyogeuka rangi ya majani makavu. Alfajiri alichinja, alasiri alifundisha watoto. Nilimwendea nikiwa kijana mwenye mabega mapana, nikadhani atanipa kisu siku hiyo hiyo. Alinipa kamba na ndoo. Nilikaa na kamba na ndoo miezi saba.

Kila jioni baada ya Magharibi alikaa kwenye mkeka wake akafanya alichokiita muhasaba. Aliirudia siku nzima kwa sauti ndogo, kuanzia alipoamka, akijiuliza na kujijibu. Nilitarajia kusikia madhambi makubwa. Nilisikia: leo nimemjibu mama wa maandazi kwa ukali, leo nimepita mbele ya duka la fulani polepole ili anione ninakwenda msikitini. Hilo la pili lilinichekesha. Yeye hakucheka. Alisema wanazuoni wa zamani walitumia umri wao wote kuichunguza nafsi, kama mfanyabiashara wa mnadani anavyomchunguza ng'ombe asiyemjua: meno, kwato, na uongo wa anayemuuza. Akanieleza kwamba kuna nafsi inayoamrisha maovu, kuna nafsi inayojilaumu, na kuna nafsi iliyotulia. Nikamuuliza yeye amefikia ipi.

"Ya kwanza," akasema. "Ijumaa Ijumaa, ya pili."

Siku moja nikataka kumwonyesha kwamba nimeelewa. Nikasema nafsi ni kama dume la ng'ombe, lazima ifungwe kamba. Akatikisa kichwa. Dume anakujia na pembe zake, alisema, unamwona. Nafsi inatawadha pamoja na wewe, inaingia msikitini, inasimama safu ya kwanza.

Kanuni yake ya kisu ilikuwa moja. Mwenye hasira asikishike. Aliyesifiwa naye asikishike mpaka sifa imtoke. Nilidhani ni maneno tu mpaka Idi moja ya kuchinja. Watu wamejipanga na mabeseni, mbuzi wamefungwa kwenye miti, kazi inakwenda. Mfanyabiashara mmoja akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba tangu Zuberi aje mjini hapa hakuna mnyama aliyeteseka, na kwamba mkono kama ule haupo kutoka hapa mpaka Mwanza. Maalim akasimama. Akafuta kisu, akanipa mimi, akageuza ndoo akaikalia. Watu wakaanza kunung'unika. Nikainama nikamuuliza kuna nini.

"Imeniingia," akaninong'oneza. "Ngoja itoke."

Alikaa pale muda wa mbuzi sita. Wa tatu nilimkata vibaya kwa woga, na mama mmoja akaniuliza sheikh amepatwa na nini. Nikasema tumbo. Ndiyo, nilidanganya. Laiti uongo wangu wote ungekuwa wa namna ile.

Sasa nakuja Nkoma.

Ng'wandu alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba kijijini hapo. Hakuwa wa kanisa wala wa msikiti. Ukimuuliza dini yake alikuwa akisema ni mvua. Kila shughuli nyumbani kwake aliniita mimi. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa mgeni wa kazi, na dume alikata kamba akaniburuta mpaka kwenye lambo la kunyweshea mifugo. Nilitoka majini kanzu imenifunika kichwa na yaliyo chini yako wazi mbele ya ukoo mzima. Tangu siku hiyo Ng'wandu aliniita Mvuvi, hata kwenye salamu yake ya Kisukuma. "Mwadila, Mvuvi, leo umetuletea sato?" Na mimi nilimjibu kwamba lambo lake halina samaki, lina nyoka na wakwe zake. Tulitaniana hivyo miaka mingi, na sikumbuki mtu niliyempenda zaidi nje ya nyumba yangu.

Alikuwa na binti, Kabula. Kabula akapendana na kijana wa Maswa, Mwislamu, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ng'wandu alinuna mwanzoni, na alinuna kwa sauti kubwa: yeye alitaka mkwe mwenye zizi, siyo mkwe mwenye spana. Majirani wote walimsikia. Lakini Kabula alikuwa akija kila Jumamosi kwetu Bariadi, mke wangu Mwajuma akimfundisha Alhamdu na namna ya kutawadha, na binti yule alikuwa anajifunza kwa moyo, anarudia neno mpaka litoke sawa. Baba yake aliona, akalainika. Akapanga siku ya kuwapokea wakwe wa Maswa, na akachagua dume mkubwa kuliko wote zizini. Aliniambia mwenyewe kwamba hataki waseme amewapokea kwa nyama ya ndama.

Siku ilipofika nilivaa kofia mpya. Nawaambia hilo kwa sababu ugonjwa ulianzia kwenye kofia, kabla ya hasira. Wakwe walikuja na magari mawili. Mkubwa wao alikuwa Mzee Shabani, baba mkubwa wa kijana, mtu anayeheshimiwa misikiti ya Maswa, mwenye sauti ya chini na kanzu isiyo na kunyanzi. Nilitambulishwa kwake kama mchinjaji. Nikanyoosha mgongo. Nilitaka mzee yule akirudi kwao alitaje jina langu.

Tukakaa mkekani, chai ikaja. Ng'wandu alikuwa na furaha ya kupitiliza, na mtu mwenye furaha ya kupitiliza husimulia. Akawasimulia wakwe habari ya lambo. Hakuacha kitu. Alieleza kanzu ilivyokuwa kichwani, akasimama akaonyesha nilivyokuwa natembea. Akamalizia: "Tukaona vyote alivyopewa na Mungu, na Mungu hakuwa mkarimu sana siku hiyo." Vijana wa Maswa walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Mzee Shabani alikohoa na kutazama pembeni, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilicheka kwa meno. Ndani nilikuwa nawaka. Utani uleule niliokula nao miaka yote, siku hiyo ulikuwa sumu, kwa sababu tu ya aliyekuwa anasikiliza.

Kanuni nilikuwa naijua kama jina langu. Kilichotakiwa ni kumwita kijana wa Kiislamu mmoja kati ya wale wa Maswa, nimpe kisu, nimwelekeze, nikae kando mpaka initoke. Sikufanya. Ningeonekana nimesusa.

Vijana wa Ng'wandu walikuwa wanamlaza dume nyuma ya nyumba. Kamba ya miguu ya nyuma ikateleza, akaanguka kwenye ukingo wa mtaro na shingo ikajikunja chini yake. Wakaniita kwa kelele. Nilisikia mara ya kwanza. Nikasema nakuja, na nikamalizia kikombe. Nikanawa mikono taratibu, mmoja kisha wa pili. Nilitaka wanihitaji kidogo zaidi.

Nilipofika, Ng'wandu alikuwa amepiga magoti kichwani kwa dume, kiganja chake kiko puani mwa mnyama. Wakwe wakasogea wakasimama nyuma yangu. Nikainama. Mnajua tunavyopima katika hali kama ile: gusa kope, vuta mkia, tazama mbavu. Kope zikipepesa ana uhai, piga bismillahi na uchinje, nyama ni halali bila wasiwasi wowote. Nikagusa kope.

Zilipepesa.

Zilipepesa mara moja, kwa udhaifu, upande wangu, ambako wakwe hawakuweza kuona. Kisu kilikuwa mkononi. Ingechukua muda wa kusema bismillahi. Na katika muda huo nilimtazama Ng'wandu, nikaona bado ana alama ya kicheko mdomoni, nikataka aaibike kama nilivyoaibika. Nikasimama, nikarudisha kisu alani.

"Amekwisha kufa," nikasema. "Ni kibudu."

Ng'wandu aliinua uso akanitazama. Nilidhani ni fedheha.

Mzee Shabani akashusha pumzi, akasema mashaallah, wengine wangefumba macho wapate nyama. Maneno yale yalinishuka kama maji ya baridi. Ng'wandu akainuka akawaomba wakwe wasubiri, zizi limejaa, atatoa mwingine sasa hivi. Mzee Shabani akajibu kwa adabu kwamba vyombo vimeshatayarishwa kwa ajili ya huyu na mambo yataingiliana, ni heri wajiepushe na shaka, watarudi siku nyingine. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Masufuria yalikuwa matupu, kisu hakijagusa ngozi, hakukuwa na kitu cha kuingiliana na kitu. Sentensi moja tu kutoka kwangu, mwenye elimu ya kazi hiyo, ingewarudisha mkekani. Nilirekebisha kofia.

Wakaondoka. Hawakurudi. Maswa maneno yakageuka njiani: ikawa nyumba ya Nkoma ilitaka kuwalisha kibudu, mchinjaji akawaokoa. Mwaka haukuisha, kijana akaoa kwingine. Jumamosi iliyofuata Kabula hakuja. Na iliyofuata. Mwajuma akaniuliza kama nimesikia lolote, nikasema labda Mungu hakuandika. Nilimsingizia Mungu.

Mimi jina langu likapaa. Nikaanza kuitwa Meatu, nikaitwa Busega, watu wakisema Hamisi hana mchezo, afadhali akuache na njaa. Kila mwaliko nilioupata ulitokana na kope zile.

Maalim Zuberi alikuwa bado hai. Nilimsimulia kwa namna yangu, kwamba nilishuku, nikaona ni bora niache. Akauliza:

"Ulishuku, au ulijua?"

Nikasema nilishuku.

"Kama ulishuku, Mungu akulipe. Kama ulijua, usimsumbue Mungu kwanza. Nenda Nkoma."

Sikwenda Nkoma. Nilianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Nilizidisha uradi, nikawa wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kutoka. Nilikonda, na watu wakasema Hamisi ameiacha dunia. Toba nilikuwa naijua mlango kwa mlango: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na pakiwa na haki ya mtu, kumrudishia mtu haki yake. Ile mitatu ya mwanzo niliipita kila siku. Wa nne ulikuwa safari ya bodaboda isiyofika nusu siku, kwenda na kurudi. Niliona funga ya miaka kumi na tisa ni rahisi zaidi. Muhasaba nao niliufanya kila jioni kama nilivyofundishwa, nikajihesabia ukali wangu kwa wateja na usingizi wangu wakati wa hotuba, nikiizunguka Nkoma kama mtu anayezunguka shimo uani kwake.

Mara moja tu nilikutana na Ng'wandu, mnadani. Alinisalimia vizuri. "Mwadila, Hamisi." Nikajibu mhola, yaani salama. Hakuniita Mvuvi. Nilisimama pale mpaka alipopotea kati ya ng'ombe.

Kilichonitoa nyumbani ni nyinyi. Mkono wangu ulianza kutetemeka, nikaacha kazi, na siku mliponiaga mmoja wenu alisimama akasimulia kisa cha dume wa Nkoma. Alisimulia vizuri. Alisema mnataka kuwa kama mimi. Nyuso zenu zote zilinigeukia, na nikajua kwamba uongo wangu sasa umepata wanafunzi. Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda.

Nilimkuta Ng'wandu kwenye kigoda karibu na lango la zizi. Amezeeka kuliko mimi, goti moja limekufa, anasimama kwa kushika nguzo. Alinikaribisha, akaagiza maji. Sikuyanywa. Nilimwambia nimekuja kwa jambo moja, na nikalisema kabla sijakaa.

"Yule dume alikuwa hai."

"Najua," akasema.

Nikafikiri hakusikia sawa. Nikarudia.

"Hamisi. Mimi nimekulia chini ya ng'ombe. Pumzi yake ilikuwa kwenye kiganja changu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alisema kwamba angenipinga pale mbele ya watu wa dini yangu, wangejiuliza nimewadanganya tangu lini, na nyama zote nilizochinja katika nyumba za watu zingeingia shaka. Kazi yangu ingekufa siku hiyo. Akaona anyamaze, niseme mwenyewe. Alinisubiri pale pale. Wakwe walipoingia kwenye magari, akanisubiri bado. Akasubiri wiki, akasubiri msimu wa pamba. Baadaye akawa hasubiri tena, ila kunyamaza hakuacha.

Nilikuwa nimesoma habari za wacha Mungu waliositiri aibu za wenzao, nikiwahesabu kuwa watu wa zamani sana na mbali sana. Nilishindwa kumtazama. Nilimwomba radhi, nikapiga magoti kwenye samadi, na yeye akanikemea niinuke, wajukuu wanaona.

"Mimi nilishakusamehe ulipotokea pale njiani," alisema. "Lakini deni lako kubwa haliko kwangu."

Ndipo nilipoyasikia ambayo sikuwa nayajua. Kabula hakuwepo nyuma ya nyumba siku ile. Aliona wageni wanaondoka tu. Na kwa kuwa baba yake alishanuna kwa sauti mbele ya majirani wote, aliamini baba ndiye aliyepanga: kwamba aliwaambia vijana wamwangushe dume, mambo yavunjike bila yeye kuonekana. Ng'wandu alikana. Kabula alimtaka amwambie basi kilichotokea, na baba hakuweza kueleza bila kunitaja, akanyamaza. Kabula aliolewa baadaye na mkulima wa Sola, kule Maswa, akaondoka, na tangu aondoke amefika nyumbani kwao mara mbili tu, zote mazishini, na zote hakukaa chini. Miaka kumi na tisa baba yule amebeba lawama ya mwanawe ili mimi niendelee kuitwa Hamisi asiye na mchezo.

Sikurudi Bariadi siku ile. Nililala kwa jamaa Maswa, asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Sola, nikauliza kwa Kabula, nikaonyeshwa.

Alikuwa amekaa kwenye turubai uani, anachagua pamba, safi huku, chafu kule. Ni mtu mzima sasa, uso wa baba yake. Alinitambua haraka, akaniamkia shikamoo, akamuuliza Mwajuma hajambo. Nikamwambia hajambo. Dereva wa bodaboda nilimwomba asubiri barabarani, nikasimama mbele ya turubai, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa, na kofia sikuiruka. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kuchagua mpaka nilipofika kwenye kope, hapo ikasimama, kisha ikaendelea.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Baba bado anatembea?"

Nikasema anatembea kwa kushika nguzo.

Akasema kwamba Alhamdu bado anaikumbuka, yote, na kwamba kuna siku humtoka mdomoni akiwa shambani na hujikasirikia. Nikamwomba anisamehe. Akasimama, akakung'uta nyuzi za pamba kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na mkoba na viatu vya kutokea.

"Hilo la kusamehe sijui," akasema. "Sasa hivi naenda Nkoma. Hiyo pikipiki yako naichukua mpaka stendi. Wewe kaa hapa uangalie pamba, mbuzi wa jirani wana tabia mbaya. Mume wangu atarudi mchana."

Akaondoka bila kungoja nikubali. Nimesikia kwamba alikaa kwa baba yake siku nne. Jibu langu hajaniletea mpaka leo ninapoandika, na sijamfuata kulidai, wala nyinyi msimfuate kwa niaba yangu.

Mbuzi walikuja kweli, mara tatu, wakiongozwa na beberu mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Niliwafukuza kwa bua la mtama, mimi niliyechinja nusu ya harusi za mkoa huu, nikizunguka turubai kwa magoti yanayouma. Mchana mume wa Kabula alirudi na jembe begani, akakuta mzee asiyemjua amesimama juu ya pamba yake, akaniuliza kwa heshima mimi ni nani. Nilianza kutaja jina langu, nikaliacha. Nikamwambia nimeachiwa pamba niiangalie.